Mavyaa hataki unga wa chapa ya duka, mume wangu hataki mwingine

MUULIZE SOMO

Shikamoo Somo,

Mimi ni mke wa mtu, naishi Langoni hapa Lamu. Nyumbani kwetu tunauza mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, na zikija oda tunapika biriani za harusi. Biashara ni ya mavyaa, aliianza kabla mume wangu hajaota ndevu. Siku hizi mikono inayokanda ni yangu, lakini mfuko wa pesa na neno la mwisho viko kwake, na sikuwahi kuona ubaya wa hilo mpaka mwezi huu.

Tunatoa mahamri 250 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kila hamri shilingi 10. Unga unaokwenda ni kilo 8 kwa siku, yaani baili 2 za pakiti 12 za kilo mbilimbili kila wiki. Dumu la mafuta la lita 20 tunalimaliza kwa wiki 2. Vyote tunachukua kwa muuzaji wa jumla wa hapa mjini, chapa zile zile za miaka yote: baili ya unga shilingi 2,280, dumu la mafuta 5,600. Analeta mpaka mlangoni, anatuandika daftarini, tunamlipa Ijumaa.

Shemeji yangu yuko Mombasa. Amegundua supamaketi kubwa inayouza kwa jumla, na ina bidhaa zenye jina lake yenyewe: unga, mafuta, mchele, sukari, hamira, mpaka sabuni ya vyombo na karatasi za kufungia. Baili ya unga kule ni 1,920 na dumu 4,900. Lori mpaka Mokowe, boti, hamali na punda mpaka kwetu ni 140 kwa baili na 110 kwa dumu, lakini bei hiyo ya usafiri tutaipata tukiagiza mzigo wa kutosha, kama baili 20 na madumu 5 kwa mara moja. Mume wangu ameshapiga hesabu na anasema tunatupa pesa baharini. Kinachobaki anataka kiwekwe kando tununue friza, tuanze na sambusa za samaki.

Mavyaa hataki kusikia. Anasema chapa ya duka ni mabaki ya viwanda, wanachukua kilichokataliwa na wenye majina wanakitia pakiti nzuri. "Hujui nani kasaga," ndiyo kauli yake. Tulijaribu mara moja. Shemeji alituma pakiti 4 za unga, dumu moja la mafuta na hamira ya nusu kilo, tukatumia vyote siku hiyo hiyo. Donge likawa legevu, likanata kwenye kibao, na makarai mawili ya mwisho mahamri yalifura kisha yakanywea. Mavyaa hakusema kitu, aliniangalia tu. Mume wangu naye akasema nilikanda kwa moyo wa kutotaka.

Juu ya hayo kuna harusi mwezi ujao, sahani 200 za biriani kwa shilingi 350. Mama wa bi harusi alikuja mwenyewe akataja kwa jina mchele anaoutaka. Gunia la kilo 25 la chapa hiyo hapa ni shilingi 5,000. La supamaketi ni 3,900, likifika kwetu 4,050. Mume wangu anasema tununue la supamaketi tumimine kwenye gunia la zamani la chapa ile, kwani mchele ukishapikwa hauna jina. Kwangu hiyo ni ghushi, lakini sijathubutu kulitamka neno mbele yake.

Sasa wote wawili wamesema niamue mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayekanda. Nikisema ndiyo nimemvunjia mavyaa heshima, nikisema la nimekuwa adui wa maendeleo ya mume wangu. Je, bidhaa hizi kweli ni duni? Na nikae vipi kati ya hawa wawili?

Mwenye Karai, Langoni

JIBU LA SOMO

Marahaba mwanangu.

Umeuliza kama bidhaa za chapa ya duka ni duni, na naona mavyaa na mume wako, pamoja na kuvutana kote huku, wanakubaliana kwenye jambo moja: kwamba chapa ya duka ni kitu kimoja, ama yote mabaki, ama yote sawa na zile zenye majina. Hapo nitakuomba tuwaache kidogo wote wawili.

Supamaketi kwa kawaida haina kinu wala mtambo wa kusafisha mafuta. Inakwenda kwa kiwanda, inatoa maagizo yake ya ubora na bei, na kiwanda kinafungasha kwa jina la duka. Bei inashuka kwa sababu hapana matangazo ya redioni, hapana wakala wa kati, pakiti ni za rangi chache, na oda ni kubwa. Marekani kuna maduka ya ghala yanayoitwa Costco, ambako mtu hununua kwa kadi ya uanachama, na tangu 1995 yana chapa yao Kirkland Signature. Baadhi ya pakiti zake za kahawa zimewahi kuandikwa waziwazi kwamba kahawa imekaangwa na Starbucks, kampuni ya kahawa yenye jina kubwa. Kwa hiyo hilo la mabaki haliwezi kuwa kanuni.

Lakini hesabu ya mume wako nayo ina tundu. Kiwanda kimoja kinaweza kusaga unga wa aina tatu kwa siku moja, kila mteja na maagizo yake. Kutoka mlango mmoja si kuwa unga mmoja. Tena duka linaweza kubadilisha kiwanda mkataba ukiisha, na pakiti ikabaki na rangi ile ile na jina lile lile. Unga uliokupendeza mfungo sita si lazima uwe ule utakaoupata mfungo tisa. Na chapa ya duka inaishi na duka lake: wengi wanaikumbuka Blue Label ya supamaketi za Nakumatt. Wadai walipopiga kura kuifunga kampuni hiyo Januari 2020, hapakuwa na mahali pengine pa kuitafuta.

Kauli ya mavyaa, "hujui nani kasaga," basi si ya kupuuzwa, ila ni swali lenye jibu. Geuza pakiti. Nyuma, kwa herufi ndogo, tafuta jina la aliyesaga au aliyefungasha kwa niaba ya duka. Kisha tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali iliyo chini yake. Andika kwenye simu SM# ikifuatwa na namba hiyo, tuma kwenda 20023, utaletewa kibali ni cha nani na kama bado ni halali. Iandike namba hiyo kwenye daftari lako la jikoni pamoja na namba ya toleo na tarehe. Siku namba ya kibali ikibadilika na jina la mbele likabaki lile lile, jua huenda aliyesaga amebadilika, na jaribio lako la nyuma halikusaidii tena. Kuhusu virutubisho usiwe na wasiwasi wa chapa: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe madini na vitamini, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, mwenye jina kubwa na asiye na jina.

Sasa jaribio lenu. Mlibadilisha unga, mafuta na hamira siku moja. Mahamri yakinywea, nani wa kulaumiwa? Hakuna anayeweza kusema, wala mavyaa, wala mume wako na habari zake za moyo wa kutotaka. Donge legevu linalonata mara nyingi ni dalili ya unga wenye nguvu ndogo uliopewa tui la kiasi cha unga wenye nguvu. Lakini mahamri yanayofura kisha yakanywea yanaweza pia kuwa yameumuka kupita kiasi. Hamira mpya yenye kasi, kwenye joto la Lamu, inamaliza kazi nusu saa kabla hujaitegemea. Na makarai yaliyokosea, umeandika, ni mawili ya mwisho, yale ambayo donge lake lilikaa muda mrefu zaidi likingoja zamu. Hilo lingenifanya niitazame hamira kwanza, kabla ya kuuhukumu unga.

Ukitaka kuujua unga peke yake, pima gramu 100 kwenye mizani ya jikoni, tia maji mililita 60, kanda vizuri, ulaze kwenye bakuli la maji nusu saa. Kisha uoshe donge mkononi chini ya maji yanayotoka polepole, ukiliminyaminya, mpaka maji yaache kuwa meupe. Wanga wote utakuwa umeondoka, utabaki na kitu kinachovutika kama ubani uliotafunwa. Kikamue maji, ukipime. Kikifika gramu 30 au kuzidi, unga una nguvu ya kushika hewa ya hamira. Kikiwa chini ya 25, unga huo ni wa keki na biskuti, na mahamri utayapata kwa kubembeleza. Fanya hivyo kwa unga wenu wa siku zote na wa supamaketi siku moja, bomba moja, mkono mmoja. Huenda ukashangaa upande wowote.

Baada ya hapo ndipo ukande. Kilo 1 ya huu na kilo 1 ya ule, hamira ile ile mliyoizoea, mafuta yale yale, tui la nazi hizo hizo. Usimimine tui kwa jicho, anza na mililita 500 kwa kila kilo, kisha ongeza kidogo kidogo na uandike kila unga ulipofika. Mmoja ukitosheka na 520 na mwingine ukataka 580, umejua kilichokufika siku ile. Tofauti ya namna hiyo inarekebishika: punguza tui, punguza muda wa kuumua, sukuma nene kidogo. Ila ujue kwamba unga unaokunywa tui zaidi unakupa donge zito zaidi kwa kilo ile ile, yaani mahamri zaidi. Hesabu yaliyotoka kila upande. Unga wa bei nafuu unaotoa mahamri 29 kwa kilo pale ambapo mwingine unatoa 31 umeshakula sehemu ya unafuu wake.

Na sasa tuingie kwenye pesa zenyewe, kwa namba ulizonipa. Unga wa Mombasa ukifika mlangoni ni 2,060, mnaokoa 220 kwa baili, si 360. Kwa wiki ni 440. Ukigawa kwa siku 6 ni kama shilingi 73, bei ya mahamri 7. Kwa hiyo kila siku mahamri 8 kati ya 250 yakilala au yakirudishwa, unga wa bei nafuu umekuwa ghali. Sisemi yatalala. Nasema huo ndio mpaka wa kuuchunga, na wewe ndiye unayeweza kuyahesabu.

Mafuta ni habari nyingine, na hapa naona mume wako ana hoja nzito kuliko alivyoijenga. Kwanza soma dumu limeandikwa nini. Madumu mengine yanauzwa kwa lita 20, mengine kwa kilo 18, na kwa macho yanafanana. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama gramu 915, kwa hiyo kilo 18 ni lita 19 na theluthi mbili hivi. Hata likiwa la kilo 18, dumu lenu la 5,010 linakuja kama shilingi 255 kwa lita, dhidi ya 280 mnazolipa sasa. Mnaokoa karibu 500 kwa dumu, hata baada ya kutoa kile kilichopungua. Mafuta ya kukaangia yaliyosafishwa hayana siri nyingi. Soma orodha ya viambato uone ni mawese yaliyosafishwa au mchanganyiko, maana neno "mafuta ya mboga" lililo mbele linafunika mengi.

Mtihani wa mafuta ni siku ya tatu na ya nne, si ya kwanza. Tia kiasi sawa karaini, yachuje kila siku kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, yafunike yasikae kwenye mwanga, na utazame yanaanza lini kutoa povu jembamba lisilotulia, kuwa meusi, na kutoa moshi kabla mahamri hayajaingia. Yakiwahi siku moja kuliko yale mliyoyazoea, mtamwaga mapema, na 500 zile zinaondoka polepole. Unga mwingi mkavu unaobaki kwenye mahamri yaliyosukumwa nao unayaharibu mafuta ya chapa yoyote, kwa hiyo ukung'ute sawasawa pande zote mbili kabla ya kulinganisha.

Mengine nitayapita haraka. Sukari ni sukari, angalia tu isiwe na unyevu na chembe zisiwe kubwa mno kuyeyuka kwenye tui. Chumvi yenye madini joto, hali kadhalika. Iliki nunua nzima popote ilipo nzuri. Ya unga ya pakiti kubwa harufu yake imeshaondoka kabla hujaifikia nusu. Karatasi na leso linganisha kwa idadi iliyoandikwa, si kwa unene wa furushi. Hamira ya nusu kilo ni nafuu kwa mwenye kuimaliza upesi. Ikishafunguliwa inataka chombo kisichoingiza hewa na baridi ya friji, na ukiitilia shaka tia kijiko kidogo kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo: ndani ya dakika 10 iwe imepanda povu.

Lakini kuna kitu mume wako hakukitia kwenye hesabu hata kidogo, nacho ni ule mzigo wa baili 20. Ni wiki 10 za unga. Baili 20 kwa 2,060 ni 41,200, na madumu 5 ni 25,050, jumla 66,250 taslimu kabla hamjauza hata hamri moja. Leo mnakula unga wa muuzaji wenu wiki nzima kisha mnamlipa. Huo ni mkopo usio na riba, na siku mtakapoacha kununua kwake, daftari litafungwa. Pesa hizo 66,250 zinatoka wapi? Zikitoka kwa mtu wa kurudishiwa na nyongeza, hapana akiba tena.

Na unga wa wiki 10 katika hewa ya Lamu si mchezo. Pakiti za karatasi zinavuta unyevu, na wadudu wa unga kwenye joto letu wanatoka yai mpaka mdudu mzima kwa kama mwezi mmoja, kwa hiyo mayai yaliyokuja nayo wiki ya kwanza yana nafasi ya kuzaa mara mbili kabla hujamaliza. Mkiuleta, uwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, mbali na mafuta ya taa, sabuni na samaki, na wa zamani utumike kwanza. Mzigo ukija wakati wa kusi bahari ikiwa na mawimbi, muulizeni shemeji: baili ikilowa botini, hasara ni ya nani? Baili 20 zinaokoa 4,400. Mbili zikiharibika ni 4,120.

Ndiyo maana nakuomba uyasikie upya maneno ya mavyaa. Anaposema hujui nani kasaga, huenda anachomaanisha ni kwamba hujui utamrudishia nani. Muuzaji wa Langoni akiuza unga wenye wadudu atakutana naye njiani kesho. Duka la Mombasa linataka risiti na safari. Hiyo nayo ni sehemu ya ile bei ya 2,280, ingawa haikuandikwa popote. Na pengine, sijui, anasikia jambo jingine kabisa: kwamba akiba hii inahama kutoka mfuko wake kwenda kwenye friza ya mwanawe, na hajaulizwa. Je, kuna aliyekaa naye akamwambia friza itakuwa ya biashara ipi, na pesa zake zitashikwa na nani? Inawezekana ugomvi wa unga ni mdogo kuliko unavyoonekana, na ule wa mfuko ni mkubwa kuliko unavyosemwa.

Mnaweza kubaki mlipo, na si aibu, ikiwa utulivu wa asubuhi una thamani kuliko shilingi 690 kwa wiki, maana unga na mafuta kwa pamoja vinafika hapo. Mnaweza kuanza na mafuta peke yake, madumu mawili, hata kama usafiri utapanda kidogo: kwa kila dumu mna kama 500 za kuchezea kabla faida haijaisha. Mafuta hayaingii wadudu na hayabadilishi donge, na mavyaa ataona kwa macho yake. Hatari yake ni kwamba muuzaji wenu anaweza kununa mkimwachia unga tu. Na mnaweza kumwendea yeye mwenyewe mkamwambia ukweli, kwamba Mombasa kuna bei hii, na kumuuliza atapunguza kiasi gani mkilipa taslimu baili 2 kila Jumamosi badala ya kuandikisha. Akishusha 80 tu kwa baili, mmepata zaidi ya theluthi ya akiba ile ya unga bila boti wala punda. Anaweza kukataa, na hapo mtakuwa mmemwonyesha kwamba mnatazama kwingine. Njia hii sijaona kwenye barua yako kama kuna aliyeifikiria.

Kuhusu kukaa kati yao: wamekuambia uamue, lakini unaweza kuwaletea vipimo badala ya uamuzi. Mimi nisingefanya lile jaribio la kumwonjesha mavyaa mahamri bila kumwambia yapi ni yapi, kisha kumfichulia mbele ya mwanawe. Hata ukishinda, umemtega mzee kwenye jiko lake. Mwombe yeye ndiye apange: achague siku, akupimie unga, aonje, aseme. Huenda akakataa. Huenda akakubali kwa sababu ameombwa. Na mume wako mpe kazi ya kushika daftari siku hiyo, tui mililita ngapi, mahamri mangapi, mangapi yamelala. Atakayeandika mwenyewe hatasema ulikanda kwa moyo gani.

Imebaki harusi. Neno ulilolitumia, ghushi, umelitumia mwenyewe bila kulazimishwa, na sitakuondolea. Mume wako anasema mchele ukipikwa hauna jina. Kwa mlaji pengine ni kweli. Lakini mama wa bi harusi hakuagiza mchele mzuri tu, alitaja, na mlipopokea oda mlikubali alichotaja. Suala hapo si ubora tena. Na tazama ukubwa wake: mnaokoa 950 kwenye kazi ya 70,000. Mtu mmoja aliyemwona hamali akishusha gunia jingine anatosha.

Ikiwa mchele wa supamaketi kweli unawavutia, upo mlango wa mbele. Nunueni kilo chache mpime. Chukua gramu 100, tenga zilizovunjika, pima: kila gramu ni asilimia moja ya chenga. Panga punje 10 nzima kwenye mstari, kichwa kwa kichwa, pima urefu. Loweka mchele nusu saa, uchemshe kwenye maji mengi yenye chumvi mpaka uive, upange tena 10. Basmati nzuri iliyokaa ghalani hukaribia kurefuka maradufu na kila punje inasimama peke yake. Ikiongezeka unene tu na kushikana, kwenye sufuria la biriani la watu 200 tabaka za chini zitakuwa bokoboko. Ukifaulu, mpelekeeni mama wa bi harusi sahani mbili na bei mbili, achague. Anaweza kuona mnamdunisha kwa kumpelekea cha bei ya chini siku ya mwanawe, na hilo nalo lipimeni, nyinyi mnamjua.

Vyovyote itakavyokuwa, gunia lolote mtakalonunua lije mapema, na nusu kilo ya kwanza ipikwe siku likifika. Hata chapa yenye jina inafika mavuno mapya, na mchele mpya unataka maji machache na dakika chache kuliko uliokaa.

Somo